Kreatinini imepanda baada ya kuanza lisinopril: niache dawa?

Swali: "Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 52, na kisukari cha ukubwani nimeishi nacho mwaka wa 11 sasa. Kliniki walipima mkojo wakasema figo zinavujisha protini, albumini 210, wakanianzishia lisinopril miligramu 5 kila siku. Nilishangaa, kwa sababu presha yangu ni 132/84 na sijawahi kuambiwa kuwa nina presha. Baada ya wiki nne wamepima damu, kreatinini imetoka 98 imefika 115. Tena nimeanza kukohoa, kikohozi kikavu, hasa usiku, wiki ya tatu hii. Shoga yangu anasema dawa hizi ndizo zinazoua figo. Kuna mtu anauza unga wa choya na mlonge, na kwenye karatasi yake ameandika kwamba utafiti umethibitisha unazuia kimeng'enya kilekile kinachozuiwa na lisinopril, bila madhara yoyote. Je, niache dawa nihamie kwenye unga? Halafu mdogo wangu wa miaka 31 naye ana kisukari. Naweza kumgawia vidonge vyangu?"

Jibu: Mwalimu, pole na kikohozi. Naanza na jibu lenyewe, sababu zitafuata. Usiache lisinopril kwa sababu ya hiyo 115. Kikohozi ni suala jingine na huenda likakufanya ubadilishiwe dawa, lakini hilo lifanyike kliniki, si kwa muuza unga. Na mdogo wako usimpe hata kidonge kimoja.

Hicho ulichopewa watu wamezoea kukiita dawa ya presha, ndiyo maana umeshangaa. Wewe hukupewa kwa ajili ya presha ya mkononi. Kila figo ina vichujio vidogo mno vinavyokaribia milioni moja, na kila kichujio ni fundo la mishipa myembamba ya damu lenye mshipa mmoja wa kuingiza damu na mwingine wa kuitoa. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mshipa wa kuingiza hutanuka, na ule wa kutoa hubanwa na homoni iitwayo angiotensini II. Damu inaingia kwa wingi na kutoka kwa shida, kwa hiyo presha ndani ya fundo inapanda, hata kama mashine inayofungwa kwenye mkono inasoma vizuri. Ukikamua tui kwa nguvu kupita kiasi, machicha hupenya kwenye chujio. Kwenye figo kinachopenya ni albumini, na miaka ikienda chujio lenyewe huota makovu na kufa. Ile 210 yako, kama ni miligramu kwa gramu ya kreatinini ya mkojo, ipo katikati ya ngazi ya hatari: chini ya 30 ni sawa, zaidi ya 300 ni uvujaji mkubwa. Kipimo hiki maabara hukiandika ACR. Kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo huwa hakioni albumini ikiwa bado kidogo, kwa hiyo kliniki yako ilifanya vizuri kupima hivi. Jambo moja tu: ACR hupanda kwa muda ukiwa na homa au maambukizi ya mkojo. Kama walipima mara moja, omba warudie. Ugonjwa wa figo wa kisukari huthibitishwa kwa vipimo vilivyopanda zaidi ya mara moja ndani ya miezi mitatu au zaidi.

Lisinopril inapunguza hiyo angiotensini II. Mshipa wa kutoa damu unalegea, presha ndani ya fundo inashuka, na uvujaji unapungua. Sasa fikiria: presha ya kuchuja ikishuka, uchujaji nao unapungua kidogo siku za mwanzo, na taka za kreatinini zinabaki kwenye damu kidogo zaidi ya zamani. Kwa hiyo kupanda kidogo kwa kreatinini kunatokana na kazi yenyewe ya dawa. Miongozo ya tiba ya figo inakubali ipande hadi asilimia 30 katika wiki nne za mwanzo, ilimradi ikifika hapo itulie. Kutoka 98 hadi 115 ni kama asilimia 17. Mpaka wako wewe ni 127 hivi. Ingeuvuka, bado jambo la kwanza lisingekuwa kuilaani dawa. Tungeuliza kama ulikuwa unaharisha, kama umepungukiwa maji, kama unameza diklofenaki kwa ajili ya magoti, au kama mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye figo imeziba.

Shoga yako hasemi uongo mtupu. Amewaona watu waliokuwa wanameza dawa hizi na figo zao zikafeli. Lakini dawa hizi hupewa hasa wale ambao figo zao tayari zinaumwa, kwa hiyo utazikuta kwenye mikoba ya wagonjwa wengi wanaosafishwa damu kwa mashine. Wapo pia walioumia kweli kwa sababu walianzishiwa dawa na hakuna aliyewapima damu tena. Ndiyo maana katika barua yako kuna jambo linalonisumbua kuliko kreatinini: hujataja potasiamu. Angiotensini II ikipungua, homoni nyingine iitwayo aldosteroni nayo hupungua, na figo hazitoi tena potasiamu kama zamani. Potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo bila kukupa dalili yoyote ya mapema. Rudi ukaombe kipimo hicho wiki hii, pamoja na kreatinini nyingine kuona kama imetulia. Iwapo kliniki haina kitendanishi, tafuta maabara nyingine. Sijui kwa nini kreatinini hupimwa peke yake sehemu nyingi wakati viwili hivi vilipaswa kwenda pamoja. Na kwa kuwa 115 kwa mwanamke wa umri wako ni kama eGFR (makadirio ya uwezo wa figo kuchuja) ya 50, mwambie daktari kama unatumia metformin, ile dawa ya kisukari; eGFR ikishuka chini ya 45 dozi ya metformin huangaliwa upya.

Tuje kwenye kikohozi. Kimeng'enya kinachozuiwa na lisinopril kina kazi mbili. Kinatengeneza angiotensini II, na pia kinavunjavunja kitu kiitwacho bradikinini. Ukikizuia, bradikinini inarundikana kwenye njia ya hewa na kuiwasha, hivyo mtu anakohoa kikavu, mara nyingi usiku. Dawa za kikohozi za chupa hazisaidii hapo. Kikohozi hicho huisha wiki moja hadi nne baada ya kuacha dawa, na mgonjwa huhamishiwa losartan au ndugu zake, ambazo haziguswi na habari ya bradikinini kwa sababu hazizuii kimeng'enya. Zinaziba mlango ambao angiotensini II hupitia kufanya kazi yake. Faida kwa figo inabaki. Losartan na irbesartan zilithibitishwa kwa wagonjwa wa kisukari cha ukubwani kama chako katika tafiti mbili kubwa zilizochapishwa mwaka 2001.

Lakini usikubali mtu akuambie "ni dawa tu hiyo" kabla hujapimwa kifua kikuu. Wewe una kisukari, na wenye kisukari hupata kifua kikuu mara mbili hadi tatu zaidi ya wengine. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni sababu tosha ya kupimwa makohozi, na kama makohozi hayatoki, wapige picha ya kifua. Nimeona kikohozi cha kifua kikuu kikisingiziwa enalapril, ndugu ya lisinopril, na dawa ikabadilishwa mara mbili huku mgonjwa akizidi kukonda. Na hili ulishike: ukiona midomo, ulimi au uso umevimba ghafla, hiyo si ya kusubiri kliniki. Acha dawa papo hapo, kimbilia hospitali, na usiirudie tena maishani. Hutokea mara chache, ila sisi watu weusi hutupata mara kadhaa zaidi ya wazungu.

Sasa unga. Mwuzaji wako ametumia neno kimeng'enya, nami nalichukua kwa uzito, kwa sababu hapo ndipo penye somo. Kimeng'enya tunachozungumzia kinaitwa ACE. Kiko kwa wingi kwenye kuta za mishipa ya damu, hasa ya mapafu. Figo hutoa kimeng'enya kingine, renini, kinachokata protini inayotoka kwenye ini na kupata angiotensini I, mnyororo wa amino asidi 10 usio na nguvu yoyote ya maana. ACE inakata mbili za mwisho. Zinabaki nane, na hiyo ndiyo angiotensini II. Ndani ya ACE, pale inapokatia, kuna atomi moja ya zinki. Ukiishika zinki hiyo umefunga mdomo wake.

Njia ya kufika hapo ilianza kwa nyoka. Jararaka ni nyoka wa Brazil ambaye akimuuma mtu presha huanguka. Mwaka 1965 Mbrazili Sérgio Ferreira alichapisha kwamba ndani ya sumu yake kuna kitu kinachoongeza nguvu ya bradikinini. Sumu hiyo alikwenda nayo London, kwenye maabara ya John Vane, na huko ikaonekana kwamba inazuia ACE pia. Kampuni ya Squibb ya Marekani ikaichukua kazi hiyo. Shida ilikuwa kwamba vipande vya sumu vikimezwa huyeyushwa tumboni kama nyama, ikabidi wavitoe kwa sindano. David Cushman na Miguel Ondetti wakaacha kuiga sumu yote, wakabuni molekuli ndogo yenye salfa inayoshika ile zinki. Walipata captopril mwaka 1975, na ikaruhusiwa Marekani mwaka 1981. Ukifungua boksi la captopril utasikia kwa mbali harufu ya yai bovu. Ndiyo salfa hiyo. Lisinopril yako inashika zinki kwa njia nyingine, haina salfa, na inakaa mwilini muda mrefu kiasi cha kumezwa mara moja kwa siku.

Kwa hiyo kusema unga ni wa asili na kidonge ni kemikali hakunishawishi. Kidonge chako nacho kina ukoo wa porini. Na kwa haki ya mwuzaji, ni kweli rangi nyekundu ya choya imeonekana maabara ikizuia ACE. Majani ya mlonge nayo yamejaribiwa hivyohivyo. Juisi ya choya inashusha presha kidogo kwa baadhi ya watu. Siwezi kumkatalia hayo.

Ninachomkatalia ni mruko alioufanya kutoka kwenye bomba la maabara hadi kwenye figo yako. Kwenye bomba unaweka kimeng'enya, unaweka maji ya majani, unapima. Mimea inayofaulu mtihani huo ni mingi mno. Haikuambii kama kitu hicho kinapita tumboni kikiwa kizima, kinafika kwenye damu kwa kiasi gani, kinakaa saa ngapi, wala kama unga wa leo una nguvu sawa na wa mwezi ujao. Haikuambii kabisa kama mtu anayeutumia atachelewa kufikia mashine ya kusafisha damu.

Kwa jamii ya dawa yako, swali hilo limeshajibiwa. Mwaka 1993 Edmund Lewis na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 409 wa kisukari cha aina ya kwanza ambao figo zao zilikuwa zikivujisha protini. Wagonjwa 207 walipewa captopril miligramu 25 mara tatu kwa siku, na 202 wakapewa kidonge kisicho na dawa, wakafuatiliwa kwa takriban miaka mitatu. Kreatinini iliongezeka mara mbili kwa watu 25 wa kundi la captopril, na kwa watu 43 wa kundi la pili. Waliokufa, waliofika kwenye kusafishwa damu au kupandikizwa figo walikuwa 23 dhidi ya 42. Presha za makundi mawili hazikutofautiana sana, kwa hiyo faida haikuweza kuelezwa kwa kushuka kwa presha peke yake. Aina yako ya kisukari ni nyingine, na ndiyo sababu nilizitaja zile tafiti za 2001.

Na hata kizuizi halisi, kilichotengenezwa kiwandani na kupimwa kwa makini, kinaweza kufeli. Kuna kimeng'enya kiitwacho aldosi ridaktesi kinachogeuza sukari ya ziada kuwa sorbitoli ndani ya chembe za mwili. Kwa karatasi, kukizuia kilionekana kama ndiyo tiba ya madhara yote ya kisukari, macho, neva na figo. Dawa kadhaa zilitengenezwa. Mojawapo, tolrestat, ilifika sokoni katika baadhi ya nchi ikaondolewa miaka ya 1990 kwa sababu iliharibu maini. Epalrestat inatumika Japani kwa maumivu ya neva. Kwa figo hakuna hata moja iliyoingia kwenye tiba ya kawaida.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa renini. Ukiangalia mnyororo niliokueleza, renini ndiyo ya kwanza. Mtu yeyote angesema tuizuie huko juu kabisa. Dawa ipo, inaitwa aliskiren, na inaizuia renini barabara. Ikajaribiwa kwa wagonjwa 8,561 wa kisukari cha ukubwani waliokuwa na ugonjwa wa figo au wa moyo, ikiongezwa juu ya dawa za jamii ya lisinopril au losartan. Desemba 2011 utafiti ulisimamishwa. Albumini kwenye mkojo ilipungua vizuri tu, ila wagonjwa hawakupata nafuu yoyote ya figo wala moyo, na waliozidiwa potasiamu na kuangukiwa na presha wakawa wengi zaidi. Majaribio ya kuchanganya losartan na lisinopril kwa wanajeshi wastaafu wa Marekani wenye kisukari, yaliyochapishwa mwaka 2013, nayo yalikatizwa, kwa potasiamu na figo kufeli ghafla. Kwa hiyo kliniki ikikupa losartan, lisinopril inakoma. Usizimeze zote mbili ukidhani ulinzi umezidi.

Sasa uweke unga kwenye hesabu hiyo. Kama haufanyi kazi, utakuwa umeacha dawa inayofanya kazi. Kama unafanya kazi kama mwuzaji anavyodai, basi ukiuchanganya na lisinopril unarudi kwenye mchanganyiko uliowadhuru watu. Zaidi ya hapo, majani ya mlonge yana potasiamu nyingi. Mboga ya mlonge mara moja moja sina ugomvi nayo, mradi potasiamu yako ni ya kawaida, na glasi ya choya isiyo na sukari kunywa. Unga wa vijiko kila siku, hapana. Ukiona potasiamu imepanda, ndipo tutazungumza kuhusu maji ya dafu, ndizi na ile chumvi mbadala ya wagonjwa wa presha, ambayo mara nyingi ni potasiamu yenyewe.

Ukiwa bado kwenye lisinopril, siku unayoharisha au kutapika hadi hunywi vya kutosha, iache kwa muda na uwapigie kliniki. Huanza tena siku moja au mbili baada ya kurudi kula na kunywa kawaida. Kwa maumivu tumia parasetamoli. Na ile miligramu 5 ni dozi ya kuanzia tu. Faida ilipatikana kwa dozi kubwa ambazo mgonjwa anazivumilia, kwa hiyo usishtuke daktari akiipandisha, ila apime damu kila anapopandisha.

Umuulize pia kuhusu dapagliflozin au empagliflozin. Hizi hazizuii kimeng'enya. Zinazuia njia ambayo figo hurudishia sukari kwenye damu, na zinapunguza presha ya fundo kwa upande wa mshipa wa kuingiza. Katika utafiti mkubwa wa mwaka 2020 wa dapagliflozin, uliohusisha watu 4,304 wenye figo zinazoumwa, karibu wote wakiwa tayari kwenye dawa za kundi lako, hatari ya figo kuporomoka au mtu kufa kwa figo au moyo ilipungua kwa asilimia 39. Huzidisha fangasi sehemu za siri, na bei yake ni kikwazo, kwa hiyo uliza bima yako inalipia nini.

Sasa mdogo wako. Dawa zote za jamii ya lisinopril na losartan zinadhuru figo za mtoto aliye tumboni, hasa kuanzia mwezi wa nne. Maji ya uzazi hupungua, na mtoto anaweza kufa au kuzaliwa na figo zisizofanya kazi. Ana miaka 31. Anaweza kuwa mjamzito bila hata kujua. Zaidi ya hilo, kama ACR yake ni ya kawaida na presha haiko juu, dawa hizi hazitamkinga na chochote. Hilo limejaribiwa kwa enalapril na losartan kwa watu wa kisukari cha aina ya kwanza wasio na uvujaji, matokeo yakachapishwa mwaka 2009, na figo zao hazikuwa na tofauti na za wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa. Apimwe mkojo na damu kwanza. Akionekana anahitaji dawa, amwambie daktari waziwazi kama anatafuta mtoto au anatumia uzazi wa mpango, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo litakaloamua aandikiwe nini. Kwa presha ya ujauzito zipo methyldopa na nifedipine.